Kijiko Kwenye Sahani Tupu

Wanawake waliokuja kwa hitma ya mamangu walimsifu kwa jambo moja, na ni jambo hilohilo ambalo mimi sijamsamehe. Walisema alijua kufunga mdomo. Walijaa sebuleni kwake Woodley, Nairobi, katika ile nyumba ya kanjo, ya baraza la jiji, yenye sakafu nyekundu aliyoipaka nta kila Alhamisi, wakanywa kahawa chungu kwa tende, na kila aliyemaliza kikombe alikuwa na lake la kuongeza. Mmoja akasema marehemu alikuwa na kifua. Mwingine akasema kile si kifua, ni kasha, ukitia neno umelizika. Wakacheka, kile kicheko cha matanga kinachozibwa na leso. Mimi nilikuwa nimebeba sinia, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, na meno nimeyakaza mpaka taya inaniuma. Rehema, mdogo wangu, alikuwa amekaa karibu na dirisha na mwanawe mapajani. Akaniangalia mara moja tu, kisha akaangalia zulia. Nikajua nikisimama pale nitasema. Nikaenda jikoni.

Jikoni palikuwa na mtu anakula. Ni jirani mmoja aliyesaidia kupika tangu alfajiri. Alikuwa amesimama kando ya sinki anamalizia pilau lake, na kijiko kilikuwa kikigonga sahani, ki, ki, ki. Nikaegemea ukuta. Sauti hiyo naijua tangu utotoni. Jirani akaniuliza kama nataka maji, nikatikisa kichwa, na nikiwa nimeegemea vile, kichogo kwenye simiti baridi, mwaka ule wote ukanirudia taratibu kama harufu ya nguo zilizokaa kabatini, mwaka mmoja mzima, kutoka Ramadhani hadi Ramadhani.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tulikaa Dagoretti Corner, vyumba viwili juu ya duka la rangi, mimi na mume wangu Hamisi na binti yetu Nasra wa miaka mitano, na nyumba nzima ilinuka tapentaini hata ukifukiza udi. Hamisi aliuza kanzu na mikeka kwenye duka la watu kule mjini. Mimi nilishona. Kibanda changu kilikuwa hapo chini, nyuma ya duka, cherehani mbili, moja yangu na moja ya Mama Wekesa wa kutoka Bungoma, ambaye kila Ramadhani aliniuliza swali lilelile siku ya kwanza. "Umefunga?" Nimefunga. "Hata maji?" Hata maji. Akapiga kanyagio la cherehani mara mbili tatu, akaniangalia tena. "Hata mate?" Ramadhani ya mwaka ule iliangukia masika. Mvua ilianza saa nane kila siku, na mimi kwa njaa nilikuwa kama mtu anayeota macho wazi: mabati yanaimba, maji yanateremka kwenye Barabara ya Ngong, sare za shule za rangi ya samawati zinaning'inia juu ya kichwa changu kama watoto wasio na vichwa, na Mama Wekesa anaongea kuhusu ng'ombe wa babake, sauti yake inakuja na kuondoka. Sijawahi kuwa na amani kama ile. Najiona mjinga nikiikumbuka, lakini amani ilikuwepo.

Kwa asiyejua: mwanamke akiwa mwezini hafungi. Anakula mchana, kwa adabu, jikoni, mlango umefungwa, na siku hizo anazilipa baadaye kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Kila mwanamke anadaiwa. Siku tano, siku saba. Tunataniana nazo. Mimi mwaka ule nilifunga siku thelathini mfululizo. Sikuhesabu; nilishtukia tu mwezi wa Idi umeandama na mimi sijala mchana hata siku moja. Nikamwambia Hamisi kwa majivuno. Akasema mwaka huu nimetia fora, labda malaika wananishikia fimbo. Nilikuwa nimeacha sindano ya mpango wa uzazi mwaka mmoja kabla, kwa sababu tulitaka mtoto wa pili, na tangu hapo damu ilikuwa inakuja inavyotaka yenyewe, halafu haiji. Kila mtu aliniambia ni sindano, itatoka mwilini. Nikaamini. Siku ya Idi nilimwambia na mamangu, hapa jikoni, nikimsaidia kukaanga mahamri. "Mama, nimefunga thelathini." Nilitarajia aniombee dua. Alilitoa hamri kwenye mafuta kabla halijaiva, akalitazama, akalirudisha.

Watu wa pwani hatuhesabu miezi kama redio. Baada ya Ramadhani kuna Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, hivyo hivyo mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Nilikuwa nikipenda kuyasikia majina hayo mdomoni mwa mamangu, miezi tisa yote ya kufunguka. Mfunguo Mosi wanawake wengi hulipa siku zao pamoja, ili wale daku pamoja na wachoke pamoja. Wifi yangu Zuhura, dada yake Hamisi, alituita kwake Kilimani, ghorofa ya tisa, kochi jeupe ambalo ukikaa unaogopa kuegemea. Kioo cha dirisha kilikuwa kikubwa hivi kwamba mawingu yalionekana kama yamo sebuleni. Nikawa nayatazama tu. Zuhura akauliza mmoja mmoja: wewe unalipa ngapi? Wewe je? Akanifikia mimi.

"Mimi sidaiwi," nikasema.

Zuhura ana macho ya mtu wa kupima kitambaa. Akanipima kutoka shingoni hadi kiunoni. "Mama Nasra," akasema, na akatabasamu kwa wenzake, "mwanamke asiyedaiwa ana mimba, au anamdanganya Mungu. Wewe ni yupi?"

Wakapiga vigelegele kabla sijajibu. Nami, Mungu anisamehe, nikaacha wapige. Nikashika tumbo langu. Kwa siku kumi hivi nilikuwa mjamzito kwa vigelegele vya watu. Mama mkwe alipiga simu kutoka pwani akaniambia nisibebe ndoo. Mama Wekesa alinikataza kukanyaga cherehani mbio. Usingizi wa mchana ukawa mtamu, nikalala kwenye marobota ya vitambaa nikisikia moyo wa mtu mwingine ndani yangu, na nawaapia niliusikia. Kisha nikanunua kipimo kwenye duka la dawa, kikatoa mstari mmoja. Nikanunua kingine. Mstari mmoja. Sikumwambia mtu isipokuwa Hamisi, na Hamisi akasema tungoje. Tukangoja mpaka Mfunguo Tatu, na lile tumbo lililopigiwa vigelegele likakaa bila kutokeza.

Maneno nikayasikia mwenyewe. Siku ya Jumapili nilikuja hapa Woodley kumchukua Nasra, nikapitia mlango wa nyuma, na kabla sijavua viatu nikamsikia Zuhura sebuleni. Alikuwa amemjia mamangu kwa heshima zote, anamwita mama, anazungumza polepole. Alisema familia imekaa imetafakari. Alisema hawana ugomvi na mimi. Lakini kuna muuguzi anajuana naye aliyemweleza kwamba siku hizi wasichana wa Nairobi wakipata mmoja wanaenda wanafungwa kizazi, mume hajui, halafu wanajifanya wanatafuta. "Mama, huyu amefunga kizazi. Kaka yangu anapoteza umri." Mimi nikasimama na kiatu kimoja mkononi, nikingoja mamangu amwambie atoke nyumbani kwake. Nilingoja sana. Niliona ua, niliona shati la Rehema kwenye kamba, niliona konokono anapanda ndoo. Kisha nikaisikia sauti ya mamangu, tulivu, kama anayeongea na mgeni yeyote.

"Nikuongezee sukari?"

Basi. Hilo ndilo alilosema. Nikarudi nyumbani bila Nasra na bila kiatu kimoja.

Daktari wa kwanza niliyemwona, kule mjini, hakuinua macho kwenye simu yake. Aliniambia ni stresi, mama, punguza mawazo, akaniandikia vidonge vya kuleta damu. Vilileta damu mara moja kisha kimya. Wa pili aliniambia bado mdogo, nisijitafutie magonjwa kwenye mtandao. Mama Wekesa ndiye aliyenikasirikia kiasi cha kunisaidia. Alisimamisha cherehani. Aliniambia kwao ng'ombe akikosa kuita dume mara mbili watu huita mtu wa mifugo, hawamwambii ng'ombe apunguze mawazo. Mteja wake mmoja, mpishi wa nyumba za Kilimani, alimjua daktari wa kike wa hukohuko aliyeshughulikia mambo ya kizazi pekee. Nikaenda.

Huyu alikuwa mwanamke mfupi wa viatu bapa, na chumba chake kilikuwa na pazia jembamba la kijani lililofanya kila kitu kionekane kama kipo chini ya maji. Alinitoa damu, akanirudisha baada ya mwezi akanitoa nyingine, akanipima kwa mashine tumboni na jeli baridi. Alinieleza bila kuzunguka, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Alisema ubongo wangu unaziita ovari, unaziita kwa sauti kubwa, kipimo kinaonyesha kelele hizo, na ovari haziitiki. Mayai yangu yalikuwa yameisha au yamekaribia kuisha, kama ya mwanamke wa miaka hamsini. Si sindano. Sindano huchelewesha tu, haimalizi. Akasema lazima tujue kwa nini, akanitoa damu mara ya tatu, na hiyo ikasafirishwa nje ya nchi kuangaliwa kromosomu. Majibu yakachukua wiki nyingi. Mvua za vuli zikaja. Nilishona sare, nilishona dera, nilipika, na wakati wote nilikuwa kama nimesimama nyuma ya lile pazia la kijani, watu wananiongelesha nawaona midomo tu.

Majibu yalitoka Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Daktari alinigeuzia karatasi. Ilikuwa na vijiti vyeusi vya mistarimistari vimepangwa viwili viwili, na kabla hajasema lolote nikaona. Mimi ni fundi. Ukinipa jozi ishirini za mikono ya shati mezani nitakuonyesha iliyokosewa bila futi. "Huu mkono mmoja ni mfupi," nikasema. Akaniangalia. Akasema hiyo ndiyo jozi ya X, mwanamke ana mbili, na moja yangu imepungua kipande mwishoni. Ni kipande kidogo, lakini kwenye kipande hicho ndiko kulikoandikwa mayai yadumu muda gani. Nikamwuliza nani alikikata. Akasema hakuna aliyekata, nilitungwa hivyo. Kisha akachukua kalamu na kuniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayejaza fomu: "Mamako alikoma hedhi akiwa na umri gani?"

Nilifungua mdomo kusema sijui. Badala yake nikasikia kijiko.

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Tulikuwa tukiishi hapahapa Woodley, pamoja na shangazi zangu wawili, na ilikuwa Ramadhani, saa saba mchana, nyumba imenyamaza, jua limelala kwenye sakafu nyekundu. Mama alikuwa jikoni, mlango amefunga. Shangazi mmoja akamwambia mwenzake, huyo leo ana udhuru, na kweli tulisikia anakula, ki, ki, ki. Nilikuwa na njaa ya kitoto. Nikaenda nikachungulia tundu la ufunguo nione anakula nini. Mamangu alikuwa ameketi kwenye kibao, sahani nyeupe mapajani, na sahani ilikuwa tupu. Haikuwa na hata chembe. Alikuwa anaigonga kwa kijiko, taratibu, anatazama dirishani, na midomo yake ilikuwa mikavu kama ya mtu aliyefunga. Nikasukuma mlango. Akaniona, akaweka kidole mdomoni, akaendelea kugonga. Nilidhani ni mchezo. Mwaka uliofuata akaucheza tena, siku sita, na mwaka mwingine tena. Nami nilicheza hivyohivyo na sahani za wanasesere.

"Ishirini na kitu," nikamwambia daktari. "Andika ishirini na kitu."

Akaandika. Kisha akaniambia yaliyobaki. Nitameza homoni kwa miaka mingi ili mifupa isiwe kama biskuti. Mtoto mwingine si jambo lisilowezekana kabisa, limewahi kutokea, lakini nisijenge nyumba juu yake. Na kwa kuwa kijiti hicho kifupi kilitoka kwa mama, kila binti wa mama ana nusu ya uwezekano wa kuwa nacho. Nasra asubiri, akikua ataamua mwenyewe kama anataka kupimwa. "Una dada?" Nikasema ninaye. "Ana miaka mingapi?" Ishirini na mbili. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema huyo apewe habari mapema. Kama anacho, bado ana miaka michache, na miaka hiyo ni yake kuipanga, si yetu.

Nilitembea kutoka Kilimani hadi Woodley kwa miguu. Mama alikuwa hapa jikoni anachagua mchele. Rehema alikuwa chuoni. Nilikaa kwenye kile kibao.

"Mama, ulikoma lini?"

"Kukoma nini?"

"Sahani ilikuwa tupu. Niliiona."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Kisha vidole vikaanza tena, vikitoa mawe ambayo sidhani yalikuwepo. Akasema kama angewaacha shangazi zangu wajue, babangu angeletewa mke mwingine kabla ya Idi. Akasema alidhani ni jicho la mtu. Alidhani ni yeye tu. Nikamwambia kuhusu Zuhura, kwamba siku ile nilikuwa mlango wa nyuma, nilisikia yote, nilisikia na sukari. Sauti yangu ilikuwa imepanda, nakumbuka paka alitoka. Mama akaniangalia mara ya kwanza tangu niingie.

"Ningemwambia nini, mwanangu? Kwamba mimi ndiye niliyekuzaa hivyo?"

 Ningeweza kumkumbatia. Mara nyingi nikiota bado naota namkumbatia, tunakaa wawili na ungo katikati na mchele unamwagika bila sauti. Lakini akaongeza. Akasema Rehema asiguswe. Rehema ana mchumba, kijana wa watu, na akijua ataropoka, na kijana akijua ataondoka. Nikasema daktari amesema ajue. Akasema daktari hamzai Rehema. Kisha akalitumia lile neno ambalo mama wa kwetu akilitumia hakuna pa kwenda. "Ukimwambia, sitakuwa radhi nawe."

Nilinyamaza miezi sita. Mimi, ninayejulikana Dagoretti Corner nzima kwa mdomo. Hamisi nilimweleza usiku uleule, nikamchorea mikono miwili ya shati kwa chaki mezani, na asubuhi alipompigia mamake nilimsikia akisema, "Mama, hakufunga. Amefungwa," kisha akakata simu na kukaa nayo mapajani. Huko kwao wakazungumzia mke wa pili mpaka wakachoka wenyewe. Hilo nililibeba. Lililonishinda ni Rehema. Alikuwa anamaliza chuo cha hoteli mjini, anakuja kibandani Jumamosi na viazi karai kwenye gazeti, anakaa juu ya robota, anapanga maisha. Alikuwa ameahidiwa kazi hoteli moja ya Doha, mkataba wa miaka minne, anaondoka baada ya Idi. Mchumba amekubali kungoja. "Sasa dadangu, watoto watakuja tu, hawana haraka," akasema, anajilamba pilipili kidoleni. "Nataka nione lifti ya dhahabu kwanza." Mama Wekesa akacheka. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano, na tundu la sindano likapotea. Miaka minne. Ishirini na mbili na minne. Nilikuwa na hesabu hiyo kichwani kila nilipofumba macho, nikimwona anapanda kwenye lifti inayong'aa, inapanda, inapanda, na chini mtu anazima taa moja moja. Mfunguo Saba. Mfunguo Nane. Kila mwezi unaitwa kufunguka na mimi nimekaa.

Ramadhani ikaingia tena. Siku ya kumi na moja nilikuja Woodley mchana kumshonea mama pazia. Nyumba ilikuwa imenyamaza. Mama alikuwa chumbani anasoma Kurani, naisikia sauti yake kama nyuki ndani ya ukuta. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, na nyuma ya mlango, ki, ki, ki.

 Nikausukuma kwa mkono wote.

Rehema alikuwa ameketi kwenye kibao, wali na maharagwe ya nazi umejaa sahani, shavu limetuna. Akanionyesha kiganja, ngoja nimeze. Akameza. "Nina udhuru," akasema. "Usinitazame hivyo, nawe ukinitazama hivyo utafungulia mate." Nikafunga mlango nyuma yangu, nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mlango, tumbo langu tupu na lake linajaa, na nikamwambia. Nilimwambia yote, mkono mfupi, ovari zisizoitika, nusu kwa nusu, sahani ya mama. Aliendelea kula kwa muda, polepole zaidi, kama mtoto aliyeambiwa amalize. Kisha akauliza nilijua tangu lini.

"Mfunguo Sita."

Akahesabu kwa vidole. Akaweka kijiko.

"Miezi sita," akasema. "Mmenitazama nikila miezi sita."

 Tukaona kwamba sauti ya nyuki ukutani imekoma. Mlango ukanisukuma mgongoni, nikasogea. Mama aliingia na miwani mkononi. Alitutazama wote wawili, mmoja juu ya kibao na mmoja chini, akaelewa. Nilingoja aniondolee radhi. Nilikuwa tayari. Badala yake akavuta ndoo ya mchele, akaikalia, akainamisha kichwa, na akasema kwa sauti ndogo sana, akimwambia Rehema na si mimi, "Nilikuwa na miaka ishirini na tisa." Akaikunja miwani. "Nilikuwa nataka mtoto wa tatu. Nilikuwa nimeshamchagulia jina." Ni hayo tu. Hakuyarudia tena maishani. Rehema akasogeza sahani yake ya wali mbali kidogo ili apate pa kuegemeza kichwa, magotini mwa mama, na mimi nikabaki sakafuni, nikisikia mvua inaanza.

Rehema alipimwa baada ya Idi. Anacho. Doha hakwenda. Mchumba wake alimwambia Rehema mwenyewe ndiye aliyemweleza, kituoni mjini, amesimama, ili kama ni kuondoka aondoke na gari lililopo. Kijana akakaa wiki moja bila kupiga simu, wiki ambayo mama hakunisemesha, kisha akaja na mamake na tende. Walifunga ndoa mwaka uleule. Mtoto amekuja mmoja, huyo aliyekuwa mapajani siku ya hitma, na damu imeshaanza kumchezea Rehema. Ananiambia, na simu yake ya kwanza huwa ni mimi. Lakini mara mojamoja, tukiwa tunacheka, anasimama katikati ya kicheko na kuniangalia, na najua anahesabu vidole.

Radhi mama hakuitaja tena, si kwa kuitoa, si kwa kuirudisha. Aliugua siku nne, akafa Shaabani. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilimwambia, mama, sema. Alibana mkono wangu, na mtu anayetaka aseme hiyo ni radhi aseme. Mimi ninaona angeweza kusema. Wanawake wale sebuleni walimwita kasha, na ni kweli, na ndani ya kasha hilo kulikuwa na miaka ya dadangu na ya kwangu.

Siku tatu baada ya hitma nilimkalisha Nasra, ana miaka kumi na miwili sasa, nikamchorea mikono miwili ya shati kwa chaki. Aliuliza kama inauma. Nikasema haiumi. Aliuliza kama na yeye anao mfupi. Nikasema sijui, na akitaka kujua akikua tutaenda pamoja. Akafuta chaki kwa kiwiko, akaomba ruhusa aende nje.

Kisha Ramadhani hii ikaingia, yake ya kwanza kufunga yote. Tumehamia Woodley, kwenye nyumba ya mama. Siku ya tisa, saa saba mchana, nilikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, jua limelala kwenye sakafu nyekundu, niko nusu macho nusu ndoto, akaja akasimama nyuma yangu. Akaniinamia sikioni.

"Mama, leo sifungi."

Niliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, ingawa sikuwa nauona kwa machozi. Kisha nikainuka, nikampashia wali, nikamwekea samaki aliyebaki, kipande cha tumboni chenye mafuta, nikakata ndimu. Akakaa kwenye kibao. Akanyoosha mguu wake mrefu afunge mlango kwa kidole cha mguu, kama alivyowaona wakubwa wakifanya.

"Wacha mlango," nikamwambia.

Akanitazama. Babake yuko sebuleni, akasema, na madirisha yako wazi, majirani watasikia. Nikamwambia wasikie. Nikarudi kwenye cherehani yangu na njaa yangu, nikakaa bila kukanyaga, na nyuma yangu kijiko kikaanza, kizito, kikigusa wali kwanza ndipo kiguse sahani.